Mbuzi wa Livingstone na kaunta buku la korosho

Kazi yangu ni kutunza nyaraka kuukuu, yaani muda mwingi ukinikuta nina brashi laini nafuta udongo wa mchwa kwenye karatasi, na hapa Mtwara unyevu wa bahari nao hauna huruma. Juzi mzee mmoja wa Mikindani kaniletea kaunta buku la marehemu baba yake, kaniambia "mwanangu, humu hamna la maana, ni korosho tu". Nikalifungua: kilo, mvua, siku waliyopuliza salfa, halafu katikati hapo mstari mmoja, "leo mke wangu kajifungua, hatukwenda shamba". Nikamwambia mzee wangu, hii ni shajara, usiichezee.

Watu wakisikia shajara wanadhani lazima uandike mambo mazito. Samuel Pepys wa London aliandika toka 1660 mpaka 1669, tena kwa hati mkato ili mtu baki asichungulie, na ule moto mkubwa wa 1666 ulipomkaribia unajua alihangaika na nini? Alichimba shimo akafukia mvinyo na jibini lake. Jibini! Mtu asiyeficha hilo mimi namuamini hata akinisimulia makubwa.

Turudi kwetu. Livingstone alishuka Mikindani Machi 1866 na wanyama wake, ngamia, nyati wa kufugwa, nyumbu (wale chotara wa punda na farasi) na punda, alitaka aone kama watahimili mbung'o, na yote hayo kayaandika (hebu fikiria ngamia wanakatiza Mikindani). Wengi walifia njiani. Miaka mitano baadaye yuko Nyangwe, Kongo, karatasi zimekwisha, wino umekwisha, basi akachukua gazeti kuukuu akaandika kwa kukatisha juu ya mistari ya chapa, kwa wino aliotengeneza kwa mimea. Hapo ndo yamo mauaji ya sokoni ya Julai 1871, wafanyabiashara wa watumwa walipowamiminia risasi watu waliokuja kuuza na kununua. Wino ule ulififia hadi kurasa nyingine hazikusomeka, mpaka wataalam walipozipiga picha kwa mwanga wa rangi mbalimbali na kuzitoa hadharani 2011, ikaonekana kilichoandikwa palepale hakilingani moja kwa moja na alichokuja kunakili vizuri baadaye. Mimi ukiniuliza nachagua lile gazeti.

Mistari yake ya mwisho, 27 Aprili 1873, haina hotuba: hoi, kapumzika, katuma watu wakanunue mbuzi wa maziwa. Siku chache mbele akafariki.

Kalamu aliiendeleza Jacob Wainwright, Myao aliyetolewa utumwani akasomeshwa India, ndiye aliyeandika shajara ya ile safari ya kubeba maiti mpaka Bagamoyo 1874. Susi na Chuma, watumishi wa Livingstone, wanatajwa sana, sawa, ila aliyeandika siku kwa siku ni Jacob, na huku Masasi kuna Wayao kibao lakini bado sijakutana na mwanafunzi anayemjua, inaniuma kwa kweli.

Mzee alitaka kulipiga selotepu lile kaunta buku. Nimemkatalia, gundi ile ikizeeka inakuwa njano na kuharibu karatasi. Nimeliweka kwenye boksi kavu, kila ukurasa nimeupiga picha, na kesho anakuja kunisomea majina ya mashamba, maana mwandiko wa baba yake anaujua yeye tu.