Kutia kiraka randa ya kale: dhana potofu kuhusu mbao na ukweli wake

Randa za mbao zilizotengenezwa Uingereza na Marekani katika karne ya 18 na 19 bado zimejaa sokoni, na nyingi zina majeraha yaleyale: mdomo, yaani upenyo wa chini kinapotokea kisu, umelika na kupanuka, shavu la ubavuni limepasuka, kabari inayobana kisu imepotea. Kuzitengeneza kunahitaji kipande cha mbao kinachooana nazo, na hapo ndipo ushauri usio sahihi huanza kumiminika.

Dhana: tafuta mbao yenye rangi kama ya randa.

Nalipinga hili kuliko mengine yote. Ule ukahawia uliokolea umeletwa na mwanga, mafuta ya kitani na mikono ya mafundi kwa zaidi ya miaka mia. Chomoa kabari na kisu, kisha chungulia ndani ambako jua halikufika. Kama ni biichi, Fagus sylvatica, mti wa Ulaya uliotumika sana kwa randa, utakuta mbao nyeupe yenye wekundu wa mbali. Kiraka cha biichi mpya kitang'aa kwa weupe mwanzoni, lakini kitazeeka kwa njia ileile iliyopita randa yenyewe. Mbao ya mti mwingine iliyochaguliwa kwa kuwa leo ni kahawia itafuata njia yake, na tofauti itazidi kujitokeza.

Kinachopaswa kulingana ni aina ya mti, mkao wa nyuzi na ukavu. Mkao ndio unaosahaulika. Kwa kawaida watengeneza randa waliweka chini upande wa mbao uliokuwa karibu na gome. Tazama kichwa cha randa: pete za ukuaji zimelala karibu sambamba na uso wa chini, na ubavuni kuna vidoa vidogo vinavyong'aa. Biichi husinyaa karibu mara mbili zaidi kwa kufuata pete kuliko kwa kuzikatiza. Ukikigeuza kiraka, hewa ikibadilika kitavuta kwake na randa itavuta kwake, na kiungo cha gundi kitaachia.

Dhana: randa zote za kale ni za biichi.

Nyingi ni za biichi, ila si zote. Huko Wrentham, Massachusetts, Francis Nicholson alitengeneza randa nyingi kwa betula ya manjano, mti wa Amerika Kaskazini, na vivyo hivyo Cesar Chelor, mtu mweusi aliyekuwa mtumwa wake. Nicholson alipofariki mwaka 1753, wosia wake ulimpa Chelor uhuru, naye akaendelea kutengeneza randa zenye muhuri wa jina lake mwenyewe hadi kifo chake mwaka 1784. Kutia kipande cha biichi kwenye randa ya Chelor kwa sababu "randa ni biichi" ni kuchafua kumbukumbu ya mtu aliyeacha jina lake kwenye mbao. Betula haina vile vidoa vya ubavuni. Lenzi ndogo inatosha kuzitofautisha. Muhuri wenyewe hupigwa kwenye kichwa cha mbele, kwa hiyo pale pasipigwe msasa kamwe.

Tena randa moja yaweza kuwa na miti miwili. Randa za Kijerumani mara nyingi ni biichi iliyogandishwa uso wa chini wa Carpinus, mti mwingine mgumu wa Ulaya, na nyingi za Kiingereza za kuchonga nakshi za kingo zina vipande vya manjano vya Buxus, mti mgumu sana, pale panapolika zaidi.

Dhana: mbao ngumu zaidi ndiyo bora zaidi.

Fundi wa kwetu atafikiria mpingo au mninga, na kwa kuunda randa mpya simpingi. Kwa kiraka ni jambo jingine. Mpingo huzama majini, wakati biichi kavu ina takriban kilo 700 kwa mita ya ujazo. Randa itaendelea kulika na kiraka kitabaki kimejitokeza, tena mafuta ya mpingo huisumbua gundi. Mninga nao hutanuka na kusinyaa kidogo sana, kwa hiyo haufuatani na biichi. Kumbuka pia kwamba tangu 2017 biashara ya kimataifa ya miti yote ya jamii ya mpingo inasimamiwa na CITES, mkataba wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini kutoweka.

Dhana: mbao ya zamani lazima iwe imekauka.

Iliyokaa bandani penye unyevu ina unyevu, na biichi hushambuliwa upesi na wadudu; matundu yenye unga mpya ni onyo. Chanzo ninachokipenda ni randa ya biichi iliyokwisha kuvunjika kabisa. Nzima isikatwe, hata ikiwa ya bei rahisi. Kipande kikae karakana moja na randa, ukipime uzito kila wiki mpaka usibadilike. Kisha tumia gundi ya ngozi: joto na unyevu huilegeza, na fundi atakayekuja baadaye ataweza kukitoa kiraka chako bila kuikata randa.