Kidonge kisichoyeyuka kwenye glasi si lazima kiwe feki

Pale Mwanjelwa, Mbeya, hutakosa mtu anayepima dawa kwa glasi ya maji: kikiyeyuka ni halali, kikiacha machicha ni feki. Kipimo hicho hakithibitishi chochote.

Kusambaratika na kuyeyuka ni mambo mawili. Kidonge huweza kuvunjikavunjika upesi huku dawa yenyewe ikibaki punje ndogo zinazoelea, na maji yakawa meupe kama ukungu. Parasetamoli ya miligramu 500 huhitaji takriban mililita 35 za maji ili iyeyuke yote, na hata hapo wanga uliotumika kuunda kidonge hutuama chini.

Chukua dawa mseto ya malaria, ambayo watu wa Kyela wanaijua vizuri. Lumefantrini, moja ya dawa zilizomo kwenye ALu, ambayo ni aina moja ya dawa mseto, karibu haiyeyuki kabisa kwenye maji; rafiki yake ni mafuta. Ndiyo maana unaambiwa uimeze pamoja na chakula chenye mafuta, au maziwa. Parachichi la Rungwe nalo linafaa, na huku kwetu hakuna wa kusingizia kulikosa. Mafuta huamsha nyongo, nayo huisaidia dawa kuyeyuka utumboni.

Ili dawa iyeyuke kwa urahisi, viwandani huisaga iwe laini zaidi, au huigeuza kuwa chumvi ya kikemia, kama diklofenaki sodiamu, dawa ya maumivu. Vidonge vingine huvalishwa ganda makusudi ili vipite tumboni vikiwa vizima. Hivyo usivitwange.

Ukiwa na shaka, kipeleke kidonge na pakiti yake kwa mfamasia au ofisi ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) jijini Mbeya.