Nyuzinyuzi za kukata njaa: ni nini hasa, na zinafanyaje kazi?

Mtu akiuziwa unga au vidonge "vya asili" vya kukata njaa ili apunguze mwili, mara nyingi anachonunua ni nyuzinyuzi. Hii ni sehemu ya mmea ambayo tumbo na utumbo mwembamba haviwezi kuisaga. Wanga wa ugali wa muhogo huvunjwa ukawa sukari na kuingia kwenye damu; nyuzinyuzi hupita mpaka utumbo mpana zikiwa bado nyuzinyuzi.

Zipo zisizoyeyuka, kama pumba za mahindi, ambazo kazi yake kubwa ni kulainisha safari ya choo. Zipo zinazoyeyuka, na baadhi ya hizi hunywa maji zikavimba na kuwa nzito. Aliyewahi kupika bamia au mlenda anazijua: ule utelezi ndio wenyewe. Zinazouzwa kwa ajili ya uzito ni za kundi hili. Maarufu ni glukomanani, inayotoka kwenye kiazi cha mmea wa konjaki wa Asia ya Mashariki, na maganda ya mbegu za siliamu, ambayo Wahindi huyaita isabgol.

Ukizimeza na maji kabla ya kula, huvimba tumboni. Tumbo likitanuka, neva hupeleka taarifa kwenye ubongo kwamba nafasi inajaa. Chakula nacho hutoka tumboni polepole na sukari huingia kwenye damu taratibu, kwa hiyo njaa hairudi mapema. Baadaye, kwenye utumbo mpana, bakteria huchachusha sehemu ya nyuzinyuzi hizo, na mazao ya uchachu huo huamsha homoni za shibe. Uchachu huohuo ndio unaoleta gesi na tumbo kujaa kwa anayeanza na kipimo kikubwa.

Je, uzito unapungua? Kidogo. Mwaka 2010 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilikubali kwamba glukomanani inachangia kupunguza uzito, ila kwa mtu mnene ambaye tayari anapunguza chakula: gramu 3 kwa siku, gramu 1 kabla ya kila mlo, pamoja na glasi 1 au 2 za maji. Uchambuzi wa mwaka 2020 uliounganisha majaribio 62 ya nyuzinyuzi nzito kwa watu wasiobana mlo ulikuta wastani wa kilo 0.33 tu zilizopungua. Anayeahidiwa kilo 10 kwa mwezi anadanganywa.

Hapo ndipo ninapoumia kwa ajili ya watu wa Mtwara na Lindi. Tunalima mbaazi, nyingi zinasafirishwa kwenda India, kisha tunatoa fedha kununua kopo la nyuzinyuzi kutoka hukohuko. Gramu 100 za mbaazi zilizopikwa zina karibu gramu 7 za nyuzinyuzi, na protini juu yake, ambayo nayo inashibisha. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku kutoka kwenye chakula. Sahani ya mbaazi, kunde au choroko, kisamvu pembeni, na dona badala ya sembe, vinakusogeza karibu sana na hapo. Nazi tu uipunguze. Tui zito lina mafuta mengi, na ukilijaza umeongeza kile unachotaka kukipunguza.

Mwenye kuamua kutumia unga au vidonge azingatie maji kabla ya yote. Nyuzinyuzi hizi zikivimba kooni badala ya tumboni zinaziba njia; Australia ilipiga marufuku vidonge vya glukomanani miaka ya 1980 kwa sababu hiyo. Asiyemeza vizuri, mzee aliyewahi kupata kiharusi kwa mfano, asivitumie kabisa. Wala usimeze ukiwa unakwenda kulala.

Kuwa mwangalifu pia na kinachokata njaa kwa nguvu siku ileile huku moyo ukidunda na usingizi ukipotea. Nyuzinyuzi haziwezi kufanya hivyo. Bidhaa nyingi za "asili" za kupunguza mwili zimewahi kukutwa duniani zikiwa na sibutramini iliyofichwa, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa madhara yake kwa moyo. Ukijisikia hivyo acha, na uende hospitali na kopo lenyewe mkononi.

Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari aongee kwanza na daktari wake, maana sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Kwa dawa nyingine yoyote, acha saa 2 au zaidi kati yake na nyuzinyuzi, kwa kuwa utelezi ule unaweza kuizuia dawa isiingie mwilini inavyotakiwa.