Chambo cha plastiki laini hakiozi, kinavimba

Anayevua kwa vyambo vya plastiki laini, vile vyenye umbo la mnyoo, mjusi au kisamaki, anajua jinsi vinavyochanika upesi. Samaki akiuma mara mbili tatu, kichwa cha chambo kinalegea na hakishiki tena kwenye ndoano. Hapo wengi hukichomoa, wakakitupa palepale majini na kuvalisha kingine. Ni kidogo, ni laini, hakina ncha wala kutu, sasa kitamdhuru nani? Sisi tunaoshughulika na afya ya samaki tunaulizwa swali hili mara kwa mara, na jibu lake linaanzia kwenye namna chambo chenyewe kinavyotengenezwa.

Vyambo vingi vya aina hii ni PVC, plastiki ileile ya mabomba ya maji. Bomba ni gumu. Chambo ni teketeke kwa sababu plastiki yake imechanganywa na mafuta ya kulainisha, mara nyingi yale ya kundi la kemikali ziitwazo thaleti. Mafuta hayo hayajafungamana na plastiki; yamejipenyeza tu ndani yake, na yakipata nafasi yanahama. Ukitaka kuliona hilo kwa macho, laza chambo laini kwenye kisanduku cha plastiki ngumu isiyostahimili mafuta hayo, ukisahau kwa wiki kadhaa. Utakuta sehemu kilipolala imelainika, inanata, na imebaki na alama ya mnyoo mzimamzima. Baadhi ya thaleti huvuruga homoni, ndiyo maana Umoja wa Ulaya umeweka ukomo wa asilimia 0.1 kwa thaleti za DEHP, DBP na BBP katika vitu vya watoto kuchezea. Chambo cha samaki hakihesabiwi kuwa kitu cha kuchezea (ingawa mpe mtoto mdogo uone kama hakitaishia mdomoni).

Kuoza ndiko watu wanakokutegemea, na ndiko kusikotokea. Mwaka 2014 watafiti wa Kanada walichapisha matokeo ya vyambo vya aina 8 walivyoviloweka maabara kwa miaka miwili, vingine kwenye maji ya nyuzi 4 za Selsiasi na vingine nyuzi 21. Hapakuwa na dalili za maana za kuoza. Vingi vilivimba na vikabaki hivyo hivyo. Katika maji baridi uzito uliongezeka kwa wastani wa asilimia 61 na urefu kwa asilimia 19. Katika maji ya uvuguvugu uzito uliongezeka kwa asilimia 205, yaani zaidi ya mara tatu ya ule wa mwanzo, na urefu kwa asilimia 39. Chambo cha sentimita 10 kilichotupwa leo kinaweza kuja kumezwa kikiwa na karibu sentimita 14, na kimenenepa.

Na samaki wanavimeza kwa hiari yao. Tusishangae: vimetengenezwa vifanane na chakula, vikatiwa chumvi na harufu ili samaki akishauma asiteme haraka. Kutoka kwenye ndoano hakuondoi chochote katika hayo. Katika jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2009, samaki aina ya trauti waliwekewa vyambo hivi pamoja na chakula chao cha kawaida kwa siku 90. Hawakuwa na njaa, lakini asilimia 63 walimeza angalau kimoja. Waliomeza walipoteza hamu ya kula, wakapungua uzito na kukonda kwa kulinganisha na urefu wao.

Sababu si ngumu kuielewa. Chakula hutoka tumboni kikishalainishwa na kumeng'enywa, kupitia tundu jembamba la kuingilia utumbo. Plastiki haimeng'enyeki, kwa hiyo inakaa. Inachukua nafasi ya chakula, na samaki anaishi kama aliyeshiba huku mwili unadhoofu. Mafuta ya kulainisha nayo yakitoka, kinachobaki ni kipande kigumu kuliko kilichoingia.

Je, ziwani hali ni mbaya kama maabara? Hapa nawaomba wanaharakati wapunguze kasi kidogo. Watafiti walewale wa Kanada walikwenda Ziwa Charleston, Ontario, wakapiga mbizi kando ya ufuko na kukadiria kwamba vyambo vinavyoachwa huenda vinafika 80 kwa kila kilomita kwa mwaka. Kati ya wavuvi waliohojiwa, asilimia 17.9 walisema wamewahi kukuta chambo tumboni walipokuwa wakipasua trauti. Lakini trauti walionaswa kwa nyavu na kuchunguzwa, ni asilimia 2.2 tu waliokutwa navyo. Namba hizi hazipingani: mvuvi mmoja hupasua samaki wengi, na kukuta chambo mara moja tu kunatosha kumfanya ajibu ndiyo. Ila atakayekuambia kwamba karibu samaki mmoja kati ya watano ana plastiki tumboni amesoma namba isiyo yake. Mwaka 2013 jimbo la Maine, Marekani, lilijadili muswada wa kupiga marufuku vyambo vya aina hii, na marufuku haikupita. Kwa maoni yangu, marufuku si hatua ya kwanza wakati sehemu kubwa ya tatizo inatokana na mkono unaotupa.

Beba kopo lenye kifuniko, kila chambo kilichochanika kiingie humo. Kama unavalisha mnyoo wa plastiki kwa kuuchoma katikati, uvishe kwanza pete ndogo ya mpira na upitishe ndoano chini ya pete. Mnyoo utadumu zaidi na hautachomoka ovyo. Vyambo vinavyouzwa kwa jina la kuoza navyo visiachwe majini, kwa sababu samaki anaweza kuvimeza kabla havijaoza. Ukimpasua samaki ukakuta plastiki, usiirudishe ziwani pamoja na matumbo. Na usiichome moto: PVC ikiungua hutoa gesi ya haidrojeni kloridi, inayochoma macho na koo. Itupe kwenye taka za kawaida, au ipeleke kwa wanaoyeyusha vyambo vikuukuu kutengeneza vipya, kama wapo.