Kijani cha bwawa la majitaka si uchafu

Juma lililopita, Mikindani, mzee mmoja ninayemheshimu alinishika mkono baada ya salamu: "Mwanangu, yale maji yenu ya kijani yanatia aibu. Kwa nini msiyasafishe yakawa meupe kama ya kisimani?" Swali hili nimelijibu barazani, sokoni, hata msibani. Leo naliandika.

Jicho halipimi maji. Vimelea vya kipindupindu havina rangi. Maji yaliyotuama usiku kucha kwenye tangi la majitaka ya choo, ukiyakinga kwenye glasi, yanaweza kuonekana karibu meupe huku yamejaa maradhi.

Majitaka yetu hupita mabwawa kadhaa, moja baada ya jingine. Bwawa la kwanza nalipita haraka: lina kina kirefu, tope huzama, na ule utando wa juu huzuia harufu, kwa hiyo msituambie tuukwangue. Kazi kubwa iko kwenye mabwawa yanayofuata, yenye kina kifupi. Kijani chake ni mwani, si huu tunaoufunga kwenye kamba baharini, bali chembe ndogo zisizoonekana moja moja. Jua likiwaka, mwani hutoa oksijeni, na bakteria wanaokula uchafu huitumia hiyohiyo. Mwani nao hufyonza kaboni dioksaidi hadi pH, kipimo cha uasidi wa maji, ikapita 9, yaani maji yakawa na ualkali mwingi, na vimelea vingi vya tumboni havistahimili hali hiyo pamoja na jua kali. Zamisha kifaa cha kupimia oksijeni alfajiri, oksijeni inakaribia sifuri. Rudi palepale saa nane mchana, imefurika. Ndiyo maana anayeniletea kipimo kimoja bila kuniambia saa, simwelewi.

Rangi inayoninyima usingizi ni ya waridi. Hao ni bakteria wa salfa, na maana yake mzigo wa uchafu umezidi: pengine magari ya kunyonya majitaka yamemwaga kwa mkupuo tope la mashimo ya vyoo yaliyokaa miaka.

Hata hivyo mwani una deni lake. Kiwango chetu cha BOD, yaani oksijeni ambayo bakteria wanaihitaji kuozesha uchafu uliomo majini, ni miligramu 30 kwa lita, na mwani ulioingia kwenye chupa ya sampuli huhesabiwa kama uchafu. Ulaya sheria inataka sampuli za mabwawa zichujwe kwanza. Hoja naielewa, kwamba mwani si majitaka, lakini moyo hautulii. Mwani ukitoka bwawani ukafia kwenye kijito kinachokauka kiangazi, unavuta oksijeni ileile uliyoitoa, na nitrojeni yake inaishia kwenye mikoko.

Huko chini, maji ya bahari yakitoka, kina mama huokota chaza. Chaza huchuja maji na kubaki na vimelea mwilini. Kinachowalinda walaji ni siku ambazo majitaka yanakaa bwawani: mayai ya minyoo yazame, jua lifanye kazi yake. Tope likijaa, nafasi inapungua, maji yanapita mbio, na rangi inaweza kubaki kijani kizuri vilevile.

Mzee wangu, ukinikuta tena, niulize tope liliondolewa lini.