Je, wajua kwa nini abiria hushushwa boti inapotiwa petroli?

Asubuhi moja pale Mtwapa, kaskazini mwa Mombasa, tulikuwa tumeshakaa ndani ya boti ya faiba, watu sita, kapu la sambusa katikati na watoto wamevaa jaketi za kuokolea maisha. Nahodha akaja na mtungi wa lita 20 begani. "Haya, shukeni nyote, nataka kutia mafuta." Shangazi yangu, aliyekuwa amepandishwa kwa kushikwa mikono miwili, akamuuliza kwani yeye anamzuia nini. "Mama, kwenye gari unakaa ndani likitiwa mafuta, najua. Hii si gari." Akamshusha pole pole, akamketisha kivulini.

Sababu yake nahodha hakuieleza, nami kwa muda mrefu nilidhani ni maringo ya manahodha tu. Kumbe jibu lote limo katika neno moja ambalo kila mtu wa baharini analijua: ngama, yaani kule chini kabisa ndani ya chombo, maji yanakojikusanya mpaka yafuliwe (yachotwe nje).

Petroli unayoiona ikimiminika si hiyo inayowaka. Kinachoshika moto ni mvuke wake, na mvuke huo petroli huutoa hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Sasa fikiria jua la Mombasa la saa sita mchana. Dizeli ni tofauti: haitoi mvuke wa kutosha kuwaka mpaka ipate joto la zaidi ya nyuzi 50. Ndiyo maana jahazi lenye mashine ya dizeli pale Bandari ya Kale halina wasiwasi kama wa kiboti kidogo chenye mashine ya petroli inayoning'inia nyuma. (Wala hiyo si ruhusa ya kuvuta sigara karibu na dizeli. Nimewaona wanaovuta.)

Jambo la pili ni uzito. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, mara tatu mpaka nne, kwa hiyo haupandi juu ukapotea kama moshi wa jikoni. Hushuka na kutambaa, ukitafuta mahali pa chini kama maji yanavyotafuta. Gari limeinuliwa juu ya magurudumu na chini yake pako wazi; mvuke ukidondoka, upepo unaupeperusha. Boti nayo ni bakuli. Imeundwa isipenyeze kitu, na bakuli lisiloingiza maji halitoi mvuke pia. Ule mvuke unapita kwenye nyufa za sitaha, ile sakafu mnayokanyaga, unashuka mpaka ngama, unatulia pale. Wewe umekaa juu, pua yako iko mita nzima kutoka hapo, husikii harufu yoyote.

Na hauhitajiki mwingi. Hewa yenye mvuke wa petroli wa kama asilimia 1.4 tu inatosha kulipuka ikipata cheche. Nilipiga hesabu kidogo: kikombe kimoja cha chai cha petroli, kikikauka chote, kinaweza kufanya zaidi ya mita 3 za ujazo za hewa ziwe tayari kulipuka. Hicho ni kiasi cha choo kidogo cha uani, au nafasi yote iliyo chini ya sitaha ya boti ya wastani.

Cheche itatoka wapi, na hakuna aliyewasha kiberiti? Hapa ndipo penye ujanja wa mambo. Boti nyingi zina pampu ya umeme ya kutoa maji ya ngama, na baadhi ya pampu hizo hujiwasha zenyewe maji yakipanda. Kuna betri, kuna swichi, kuna nyaya zilizoliwa na chumvi. Vifaa vya umeme vilivyotengenezwa kwa boti za petroli hufungwa kwa namna ambayo cheche ya ndani haiwezi kuwasha mvuke ulio nje. Vya gari havikufungwa hivyo. Fundi akikwambia starta ya gari ni ile ile ila bei nafuu, bei tu ndiyo aliyosema kweli.

Kuna na cheche nyingine, isiyohitaji betri. Kule kituo cha mafuta, petroli ikipita kwenye mpira wa pampu na kuanguka ndani ya mtungi wa plastiki, inazaa umeme tuli, ule ule unaokuchoma kidole ukivua fulana ya nailoni. Plastiki haiupitishi, kwa hiyo unajikusanya. Ukifika mdomo wa pampu, ambao ni chuma, unaruka. Cheche ndogo kiasi kwamba hata kidole hakiihisi inatosha kuuwasha mvuke. Kwa hiyo mtungi huwekwa chini, ardhini, si juu ya zulia la buti la gari wala kwenye pikapu iliyotandikwa plastiki. Mdomo wa pampu uguse shingo ya mtungi muda wote. Na mafuta yatiwe taratibu. Mzee mmoja aliniambia Mombasa hakuna umeme tuli kwa sababu hewa yetu ina unyevu. Nusu yake ni kweli: unyevu husaidia kuuondoa juu ya nguo na plastiki. Ila ule uliomo ndani ya petroli yenyewe, unyevu wa Kilindini haufiki huko.

Mtungi pia haujazwi hadi shingoni. Lita 20 za petroli zilizotiwa alfajiri, zikipata joto la nyuzi 20 zaidi juani, huongezeka karibu nusu lita. Hiyo nusu lita itatafuta pa kutokea, na chini ya mtungi kuna nini? Ngama.

Wanaokwenda kuvua kwa starehe katika maziwa ya mbali kama Turkana hutegemea mitungi hii hii, maana pampu ya mafuta haiko ufukweni. Huko kanuni ya watu wa boti ni theluthi tatu: moja ya kwendea, moja ya kurudia, moja isiguswe. Upepo ukigeuka, ile ya kurudia haitoshi.

Turudi Mtwapa. Nahodha alizima kila kitu, akafunga milango yote ya chini ya sitaha, akatia mafuta kwa faneli huku akiegemeza mdomo wa mtungi. Matone yaliyomwagika aliyafuta kwa kitambaa, na kitambaa akakiacha nchi kavu. Kisha akafungua milango yote, akaacha upepo wa kusi upite ndani. Boti kubwa zenye mashine ndani huwa na feni ya kazi hiyo, na huko Marekani huandikwa kabisa iwashwe dakika 4 kabla ya kugusa ufunguo. Yeye hakuwa na feni. Alipiga magoti, akainama mpaka kichwa kikapotelea chini ya sitaha, akanusa kama mtu anayekagua mchuzi uliolala.

Akainuka, akajipangusa mikono. "Haya mama, karibu."

Shangazi akamwambia asubiri kwanza amalize sambusa yake.