Mwinjilisti ni nani? Inategemea umeulizia kanisa gani

Shangazi yangu wa Mufindi alinipigia simu kunipa habari za nyumbani, mvua, mahindi, nani kaoa, na katikati ya hayo akasema, "Mwinjilisti wetu kahamishwa, tunamuaga Jumapili." Simu ilikuwa kwenye spika. Dada mmoja jirani yangu, mzaliwa wa Mwanjelwa, Mbeya mjini, aliyekulia katika kanisa la Kipentekoste, akaacha kumenya viazi. "Mwinjilisti anahamishwaje? Si huwa hakai mahali pamoja?"

Shangazi akamsikia. "Mwanangu, wetu kakaa hapa miaka tisa. Kazika watu, kafundisha watoto kipaimara, na shamba lake liko pale chini ya kisima."

Wote wawili walikuwa wanatumia neno moja kwa kazi mbili tofauti, na Nyanda za Juu Kusini utakutana na hali hii kila siku, maana Walutheri, Wamoraviani na Wapentekoste wanaishi nyumba kwa nyumba.

Kwa maana ya jumla, mwinjilisti ni mtu anayepeleka Injili, yaani habari njema. Neno Injili limetufikia kwa njia ya Kiarabu, nacho Kiarabu kililipata kutoka Kigiriki. Katika Agano Jipya la Kigiriki neno lenye maana ya mwinjilisti limetokea mara tatu tu. Biblia yetu ya Union Version inasema "wainjilisti" kwenye Waefeso 4:11, lakini kwa Filipo katika Matendo 21:8 na kwa Timotheo katika 2 Timotheo 4:5 inasema "mhubiri wa Injili". Kwa hiyo anayesoma Kiswahili peke yake hawezi kujua kwamba nyuma ya maneno hayo kuna neno moja.

Kwa Wapentekoste na makanisa mengine ya uamsho, mwinjilisti ni huduma, tena ya barabarani. Anaalikwa, anakuja, anahubiri siku kadhaa, anaondoka. Mbeya mjini picha yake inajulikana: jukwaa la mbao, jenereta limefichwa nyuma ya turubai, spika zimepangwa kama ukuta, kwaya zinapokezana tangu saa tisa alasiri, na jua linapoelekea kuzama mhubiri anaita watu waje mbele. Wakishaongozwa sala ya toba, wahudumu wa ufuatiliaji wanapita na daftari kuandika jina, namba ya simu na mahali mtu anapoishi, ili wachungaji wa maeneo wawatembelee. Mwinjilisti wa namna hii hupimwa kwa waliokuja mbele. Kazi ya kuwalea si yake, na hapo ndipo penye pengo. Niliwahi kushika daftari hilo kwenye mkutano mmoja, nikaandika kurasa sita hadi mkono ukaniuma. Wiki tatu baadaye nilimkuta mwenzangu bado analo kwenye begi lake, halijapelekwa kokote.

Kwa Walutheri na Wamoraviani wa huku, mwinjilisti ni mtumishi wa mahali. Yeye ndiye anayeongoza mtaa. Mtaa hapa si barabara ya mjini, ni kundi la waumini lenye jengo lake, au hata turubai lake, chini ya usharika, yaani kundi kubwa la mitaa lenye mchungaji wake. (Walutheri husema usharika, Wamoraviani husema ushirika, ukikosea utaeleweka, ila watajua umetoka ng'ambo ya pili. Neno jimbo ndilo gumu zaidi: kwa Walutheri ni sehemu ya dayosisi, yaani eneo la askofu, kwa Wamoraviani ni kanisa zima la eneo, kama Jimbo la Kusini lenye makao Rungwe.) Mchungaji anaweza kuwa na mitaa mitano au zaidi, mingine ng'ambo ya bonde ambalo masika pikipiki haivuki. Hawezi kuwa kote Jumapili moja. Mwinjilisti yuko pale pale.

Jumapili ya mtaa inaanza na kengele, ambayo mara nyingi ni rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mti na kugongwa kwa nondo. Juu Makete au Mufindi, ukungu ukiwa mzito, utaisikia kabla hujaliona kanisa. Mwinjilisti anaongoza liturujia, anahubiri kwa masomo ya kalenda ya kanisa, anasoma matangazo, kisha anatoka nje kusimamia mnada: jogoo, debe la mahindi, mkungu wa ndizi, vitu vilivyotolewa sadaka na watu wasio na fedha taslimu. Katikati ya wiki ana darasa la kipaimara, ana wagonjwa wa kutembelea, ana ndoa iliyogombana. Akifa mtu usiku, mlango wake ndio unaogongwa.

Kuna mipaka. Meza ya Bwana si yake, inasubiri mchungaji. Ubatizo pia, isipokuwa wa dharura, kama mtoto mchanga anapozidiwa na mchungaji yuko mbali. Kufungisha ndoa ni kazi ya mchungaji. Ndiyo maana kuna mitaa ambayo watu humwona mchungaji kwa nadra, naye akija siku hiyo inajaa mambo: ubatizo, chakula cha Bwana na kesi za wazee, vyote mpaka jua linazama.

Kwa nini neno likachukua maana ya kukaa badala ya kupita? Wamoraviani walifungua kituo cha Rungwe mwaka 1891, na mwaka huo huo Wamisheni wa Berlin, wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani, wakaingia Unyakyusa, kisha wakasambaa hadi Ukinga, Ubena na Uhehe. Kituo kimoja kilikuwa na mmisionari mmoja au wawili na vijiji vingi kukizunguka. Vijijini walikaa Waafrika waliofundisha kusoma siku za kazi na kuhubiri Jumapili, mara nyingi chini ya paa lile lile. Halafu ikaja Vita ya Kwanza ya Dunia. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yakaingia kutoka Nyasaland, yaani Malawi ya leo, wamisionari Wajerumani wakakamatwa na kuondolewa, na hawakurudi hadi katikati ya miaka ya 1920. Wamisheni wa Uskoti kutoka upande wa Nyasaland walisaidia kuangalia kazi, lakini waliowasha taa kila Jumapili ni walimu na wainjilisti wa vijijini. Vita ya Pili iliporudia mambo yale yale, walikuwa wameshazoea.

Mimi naona historia hiyo ndiyo iliyolijaza neno. Aliyekaa wakati wengine wameondolewa ndiye aliyeitwa mwinjilisti, na cheo kikabaki hata baada ya wachungaji wazalendo kuwa wengi.

Mafunzo nayo yanafuata maana. Wa mtaa hupelekwa chuo cha Biblia, kama kile cha Kidugala mkoani Njombe, akasome Biblia, kuandaa mahubiri, liturujia, malezi ya kipaimara na utunzaji wa kumbukumbu, maana daftari la ubatizo likikosewa leo litasumbua watu siku ya ndoa. Baadhi huendelea na masomo ya theolojia na kubarikiwa kuwa wachungaji. Wengi hubaki wainjilisti hadi wanastaafu, kwa posho ambayo mtaa unaichanga na ambayo bila shamba haitoshi. Wa jukwaani anaweza naye kuwa amesoma chuo, lakini kinachomfungulia mlango ni karama, yaani watu wamemsikia na wameona anavuta watu.

Neno "Kiinjili" lililomo katika jina la Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, lililoundwa mwaka 1963, ni jambo jingine tena. Limetoka kwenye desturi ya Kijerumani ambapo neno hilo lilitaja kanisa la Matengenezo, lisilo la Kikatoliki. Halisemi kwamba waumini wake wanafanya mikutano ya uwanjani, ingawa siku hizi wanafanya.

Jirani yangu alipoelezwa yote haya alirudi kwa Filipo. Katika Matendo 8 Filipo yuko njiani, anakimbilia gari la towashi Mwethiopia, anambatiza, kisha haonekani tena pale. Katika Matendo 21, miaka imepita, Paulo anamkuta Kaisaria, ana nyumba, ana binti wanne, anapokea wageni. Na ni hapo nyumbani, si kule njiani, anapoitwa mhubiri wa Injili.

"Kwa hiyo alihamishiwa Kaisaria," jirani akasema, akarudi kwenye viazi vyake.

Siku hizi mtu akiniambia mwinjilisti fulani anakuja, namuuliza kwanza: anakuja na spika au anakuja na vyombo vya ndani? Yule mpya wa shangazi alifika kwa Canter, na godoro, kabati la vyombo, watoto watatu na mbuzi mmoja aliyefungwa nyuma.